Saratani ya Utumbo na Damu ya Kutiwa: Akiba ya Kwanza ni Iliyomo Mwilini

Katika miji yetu ya Pwani, neno la kwanza linalowafikia jamaa wa mgonjwa wa saratani ya utumbo baada ya kupangiwa siku ya upasuaji aghalabu huwa ni damu. Familia huambiwa itafute watu watatu au wanne wa kutoa damu, na jioni hiyo hiyo simu hupigwa kutoka Mji wa Kale hadi Malindi, kutoka Likoni hadi Msambweni, kuwaita wana, wapwa na wakwe. Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Upande mmoja husema kwamba mama amekwajuka mno, basi na atiwe damu mapema apate nguvu za kukikabili kisu. Upande wa pili umesikia kwamba damu ya mtu mwingine huirudisha saratani, nao hutaka asitiwe hata tone.

Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande waweza kumdhuru mgonjwa ukifuatwa bila ujuzi. Suala la damu ya kutiwa na hatima ya mgonjwa wa saratani ya utumbo limechunguzwa na madaktari kwa zaidi ya miaka 40. Yaliyobainika yanaihusu kila familia, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu haimo katika chumba cha upasuaji. Imo katika wiki na miezi inayotangulia, nyumbani, mahali ambapo akina mama ndio wenye macho na sauti.

Damu inavyopotea kimyakimya

Saratani tunayoizungumzia huanza katika utumbo mpana au katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo. Mara nyingi chanzo chake ni kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani, nacho huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Uvimbe ukishakua, uso wake huwa dhaifu, na choo kinapopita huukwaruza ukatoka damu. Uvimbe ulio upande wa kushoto au katika puru huweza kutoa damu inayoonekana kwa macho. Ulio upande wa kulia, mbali na njia ya kutokea, damu yake huchanganyika na choo njiani hata isijulikane.

Kinachopotea kwa siku moja ni kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Damu ikitoka, hutoka pamoja na madini ya chuma, na bila chuma mwili hauwezi kutengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila kiungo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu ikiwa hemoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa kila desilita ya damu, na mwanamume akiwa chini ya gramu 13. Hiyo ndiyo namba tunayoiuliza hospitalini tunaposema, "Damu yake ni ngapi?"

Dalili zake tunazijua, ila huzipa majina mengine. Kuchoka bila ya kazi, kuhema katika kupanda ngazi, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, viganja kukosa wekundu, na ile hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi. Kwa mwanamke, haya yote husemwa kuwa ni hedhi, au uzazi wa karibu karibu, au shughuli za nyumba. Pwani yetu pia ina malaria, safura na selimundu, na kila kimojawapo huweza kupunguza damu. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na jambo likaishia hapo. Vidonge vyaweza kuipandisha namba kwa muda huku uvimbe ukiendelea kukua.

Itoshe kusema hivi: mwanamke aliyekwisha kukatikiwa na hedhi, au mwanamume wa umri wowote, akikutwa na upungufu wa madini ya chuma, hana hedhi ya kusingiziwa. Ni lazima itafutwe mahali damu inapovuja, na utumbo uwe miongoni mwa mahali pa kwanza kutazamwa.

Fumbo lililoanzia kwenye figo

Mashaka juu ya damu ya kutiwa na saratani yalianzia mbali na utumbo. Mwaka 1973, Gerhard Opelz, Paul Terasaki na wenzao katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichunguza wagonjwa waliopandikizwa figo. Walikuta jambo lisilotarajiwa: wale waliowahi kutiwa damu kabla ya upandikizaji, figo zao mpya zilidumu zaidi kuliko za wale ambao hawakuwahi kutiwa damu. Ilionekana kwamba damu ya watu wengine ilikuwa imeutuliza ulinzi wa mwili, hata usiishambulie figo ngeni kwa ukali wake wa kawaida.

Kwa mwenye figo mpya, hiyo ni habari njema. Kwa mwenye saratani, habari hiyo hiyo inatisha. Ulinzi wa mwili ndio unaotarajiwa kuzitafuta na kuziua chembe za saratani zilizosalia baada ya upasuaji. Ikiwa damu ya kutiwa huulaza usingizi mlinzi huyo, je, chembe zilizosalia hazitapata nafasi ya kuota upya?

Mwaka 1982, madaktari Burrows na Tartter wa New York walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya kwanza iliyoshtua wapasuaji: wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliotiwa damu wakati wa upasuaji walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wale ambao hawakutiwa. Tangu hapo uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2006, wataalamu wa jopo la Cochrane walikusanya tafiti 36 zenye wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana na puru. Hesabu yao ilionyesha kwamba uwezekano wa saratani kurudi ulikuwa mkubwa kwa takriban mara 1.4 kwa waliotiwa damu, na kadiri mgonjwa alivyotiwa nyingi ndivyo uwezekano ulivyozidi.

Hapa ndipo penye asili ya yale maneno yanayosikika katika veranda za hospitali, kwamba damu huirudisha saratani. Lakini waandishi wa hesabu hiyo wenyewe walitahadharisha kwamba haitoshi kuthibitisha kuwa damu ndiyo iliyosababisha, na tahadhari yao ndiyo inayopotea njiani habari inapopita mdomo kwa mdomo.

Chombo kilichofuliwa maji

Mabaharia wetu wanaijua kazi ya kufua maji, yaani kuyateka maji yaliyoingia chomboni na kuyamwaga baharini. Mtu asiyeijua bahari akisimuliwa habari za vyombo vingi, ataona kwamba vile vilivyofuliwa maji kwa wingi ndivyo vilivyozama zaidi. Je, aseme kwamba kufua maji ndiko kulikovizamisha? Vilifuliwa maji kwa sababu vilikuwa na matundu.

Ndivyo ilivyo kwa damu. Anayetiwa damu katika upasuaji wa utumbo kwa kawaida ndiye mwenye uvimbe mkubwa zaidi, ndiye aliyefika akiwa na upungufu wa damu, ndiye mzee zaidi, ndiye ambaye operesheni yake ilichukua saa nyingi na kutoa damu nyingi. Mambo hayo peke yake yanatosha kuifanya hatima yake kuwa nzito, awe ametiwa damu au hakutiwa.

Njia ya kutenganisha mambo hayo ni kuwagawa wagonjwa kwa kura. Uholanzi walifanya hivyo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 475 wa saratani ya utumbo mpana na puru waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipohitaji damu lilipewa damu ya watu wengine kama kawaida. Kundi la pili lilikuwa limetoa damu yake lenyewe kabla ya upasuaji ikahifadhiwa, na ndiyo iliyorudishwa mwilini ilipohitajika. Kama damu ya kigeni ndiyo iliyorudisha saratani, basi kundi la pili lilipaswa kusalimika zaidi. Haikuwa hivyo. Hapakuonekana tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Na katika makundi yote mawili, waliohitaji kutiwa damu, iwe ya mtu mwingine au ya kwao wenyewe, walirudiwa na saratani zaidi kuliko wale ambao hawakuhitaji kabisa.

Maana yake ni nzito. Sehemu kubwa ya hatari imo katika sababu zinazomfanya mgonjwa ahitaji damu: upungufu aliokuja nao, na damu aliyoipoteza mezani. Uhitaji wenyewe ndio ishara ya kutazamwa.

Yale ambayo hayana ubishi mkubwa

Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba damu ya kutiwa haina gharama yoyote. Damu ni kiungo hai cha mtu mwingine, na huingia mwilini pamoja na chembe nyeupe na vitu vilivyozalika katika siku za kuhifadhiwa. Chembe nyekundu huwekwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 6 kwa wiki tano au sita kutegemea dawa ya kuhifadhia, na muda huo huacha athari zake. Mwili unaoipokea unaweza kupata homa, mzio, au maji kujaa mapafuni ikiwa moyo ni dhaifu na damu imetiwa kwa haraka.

Jambo linaloonekana mara kwa mara katika upasuaji wa utumbo ni maambukizi. Waliotiwa damu hupata zaidi usaha kwenye kidonda, majipu ndani ya tumbo na nimonia. Hapa pia hoja ya chombo chenye matundu ina nafasi yake, lakini si hiyo tu. Mwaka 1996 madaktari wa Denmark walionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji wa utumbo waliotiwa damu iliyochujwa chembe nyeupe walipata maambukizi machache ya kidonda kuliko waliopewa damu isiyochujwa. Uchunguzi mwingine, wa Uholanzi mwaka 1994, haukuona tofauti kama hiyo. Uingereza huchuja damu yake yote tangu mwaka 1999, ingawa sababu kuu ilikuwa ni hofu ya maradhi mengine. Kuchuja huku kuna gharama, na si kila nchi inayoweza kuifanya kwa kila pakiti.

Jambo la pili lisilo na ubishi mkubwa ni kwamba damu si kitu cha kumtia mgonjwa nguvu. Mwaka 1999 madaktari wa Canada walichapisha uchunguzi wa wagonjwa mahututi 838. Nusu yao walitiwa damu hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 10. Nusu ya pili hawakutiwa mpaka iliposhuka chini ya gramu 7. Waliosubiriwa hawakudhurika kwa kusubiriwa. Tangu hapo miongozo ya nchi nyingi imekubaliana kwamba mgonjwa aliyetulia, asiyevuja damu na asiye na ugonjwa wa moyo, huanza kufikiriwa kutiwa damu akikaribia gramu 7, na mwenye ugonjwa wa moyo akikaribia gramu 8. Pia hupendekezwa itiwe pakiti moja, au painti kama tulivyozoea kuiita, kisha mgonjwa apimwe upya, kabla ya kufikiriwa ya pili. Pakiti moja kwa kawaida huiongeza hemoglobini kwa takriban gramu 1.

Basi daktari akisema, "Mama ana gramu 9, hahitaji damu kwa sasa," asidhaniwe kuwa ni bahili au kwamba benki imeishiwa. Na akisema, "Damu inamtoka, ni lazima atiwe sasa hivi," asizuiwe kwa sababu ya maneno ya veranda. Mgonjwa anayetokwa na damu nyingi mezani hafi kwa saratani itakayorudi baada ya miaka miwili. Hufa usiku huo. Kukataa damu katika saa hiyo ni kumhukumu kwa khofu ya jambo ambalo halijathibitishwa.

Kujenga damu kabla ya kisu

Ikiwa hatari kubwa imo katika kufika mezani na damu pungufu, basi kazi ya maana ni kuijenga damu hiyo mapema. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zitunze damu ya mgonjwa mwenyewe. Utunzaji huo una nguzo tatu: kutibu upungufu kabla ya upasuaji, kupunguza damu inayopotea wakati wa upasuaji, na kuusaidia mwili ustahimili damu kidogo bila ya kukimbilia pakiti. Katika jimbo la Australia Magharibi, hospitali nne zilifuata mpango huo kwa miaka sita, na hesabu ya wagonjwa zaidi ya 600,000 ilichapishwa mwaka 2017. Damu iliyotumika kwa kila mgonjwa aliyelazwa ilipungua kwa asilimia 41, na vifo hospitalini vikapungua pia. Hesabu ya namna hiyo haithibitishi kwamba mpango huo peke yake ndio uliopunguza vifo, lakini inaonyesha kwamba damu inaweza kutumiwa kidogo zaidi bila ya wagonjwa kudhurika.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kipimo. Mara tu saratani ya utumbo inaposhukiwa, mgonjwa apimwe hemoglobini na akiba ya chuma. Asianze kumeza vidonge vya chuma kwa kubuni, kwa sababu mwenye selimundu au maradhi mengine ya damu ya kurithi huenda tatizo lake si chuma. Chuma kikiwa ndicho kilichopungua, vidonge huhitaji wiki nyingi kufanya kazi. Hukifanya choo kuwa cheusi, na baadhi ya watu hufunga choo au kuumwa na tumbo. Asiyeweza kuvimeza, au aliye na muda mfupi kabla ya upasuaji, anaweza kutiwa chuma kwa mshipa, kwa njia ya dripu, pale dawa hiyo inapopatikana.

Hata chuma cha mshipa si muujiza. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 46 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 487 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, ulikuta kwamba waliopewa chuma cha mshipa kabla ya upasuaji walipanda hemoglobini, lakini idadi ya waliotiwa damu au kufa haikupungua. Waliorejea kulazwa hospitalini baada ya kuruhusiwa ndio waliokuwa wachache zaidi. Fundisho lake ni kwamba kuijenga damu katika siku chache za mwisho hakulipi deni la miezi mingi ya kuvuja.

Chakula nacho kina sehemu yake. Maini, nyama, samaki na dagaa vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa wepesi. Kunde, mbaazi, mchicha na kisamvu vina chuma pia, lakini hupokewa vizuri zaidi vikiliwa pamoja na ndimu, embe, chungwa au pilipili mboga. Chai yetu, ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kisiingie mwilini. Na inywewe saa moja au mbili baadaye. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba chakula hakiwezi kushindana na uvimbe unaovuja kila siku. Juisi ya kiazi chekundu na supu ya maini visiwe sababu ya kuahirisha miadi ya daktari.

Mgonjwa pia amwambie daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo aspirini, dawa za kuyeyusha damu na dawa za miti shamba, kwa kuwa baadhi yake huifanya damu isigande upesi. Ikiwa miadi yaangukia Ramadhani, na aulize mapema kuhusu funga yake. Mgonjwa ana ruhusa yake, na mwenye kuijenga damu kwa ajili ya upasuaji ni mgonjwa.

Damu ya ndugu na damu ya benki

Wengi wetu huona salama zaidi mama atiwe damu ya mwanawe kuliko ya mtu asiyemjua. Kitabibu, jambo hili lina hatari isiyojulikana sana. Chembe nyeupe za jamaa wa karibu hufanana na za mgonjwa, kwa hiyo mwili wake huenda usizitambue kuwa ngeni. Zikibaki hai, huweza kuushambulia mwili uliozipokea na kuharibu uboho unaotengeneza damu. Ni nadra sana, lakini likitokea aghalabu huua. Kwa sababu hiyo, damu ya jamaa wa karibu hupaswa kupigwa miale maalumu kabla ya kutumiwa.

Njia iliyo bora ni ndugu kutoa damu kwa ajili ya benki, na mgonjwa kupewa pakiti inayomfaa kutoka kwenye akiba ya benki. Mombasa ina kituo cha eneo cha huduma ya taifa ya utoaji damu, na damu inayokusanywa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini benki haina kisima. Damu haitengenezwi kiwandani, na chembe nyekundu hazidumu hata miezi miwili. Jamii inayongoja mgonjwa wake alazwe ndipo itafute watoaji, huwa daima inakimbizana na saa. Jamii inayotoa damu kwa mazoea, misikitini, madrasani na vyuoni, huwa imekwisha kumwekea mgonjwa wake, na mgonjwa wa jirani asiyemjua.

Kuna maswali mawili ya dini ambayo huulizwa kila mara. La kwanza, je, inajuzu kutiwa damu ilhali damu ni najisi na ni haramu kuliwa? Wanazuoni wa zama hizi wameijuzisha pale haja inapothibitishwa na tabibu muaminifu, kwa kanuni inayojulikana ya dharura, maadamu mtoaji hadhuriki na damu haiuzwi. La pili huulizwa zaidi na akina mama: je, damu huleta umahramu kama maziwa ya kunyonya? Jibu lao ni kwamba haileti. Umahramu wa kunyonya umewekwa na sharia kwa kunyonya, na damu haikuingizwa humo. Binti aliyetiwa damu ya kijana hajawa dada yake. Mwenye wasiwasi zaidi na amuulize sheikh wake, mradi amuulize kabla ya siku ya upasuaji.

Maswali ya kumuuliza daktari

Si utovu wa adabu kumuuliza daktari. Mwana au binti anayemsindikiza mzazi wake anaweza kusema kwa heshima:

"Daktari, damu ya mama ni ngapi, na akiba yake ya chuma imepimwa?"

"Kabla ya siku ya upasuaji, kuna muda wa kumtibu upungufu huu?"

"Kuna dawa ya kupunguza damu kutoka wakati wa operesheni?" Ipo dawa iitwayo tranexamiki asidi ambayo si ghali, na katika aina nyingi za upasuaji hupunguza kutokwa na damu, daktari ndiye atakayeamua kama inamfaa.

"Ikibidi atiwe damu, atatiwa kwa sababu gani, na atapimwa baada ya pakiti ya kwanza?"

Daktari mwenye nafasi hufurahia maswali hayo. Asiye na nafasi, muuguzi wa wodi anaweza kuyajibu mengi.

Haya isiyostahiki

Limebaki neno moja kwa akina mama. Yote tuliyoyaeleza yanategemea muda, na muda hupotezwa zaidi na haya. Tumelelewa kutoitaja haja kubwa wala sehemu zake. Sisi hutawadha kwa maji, na maji huipeleka damu kabla jicho halijaiona. Anayeiona husema ni bawasiri, akapaka dawa, akanyamaza. Kweli bawasiri ni ugonjwa wa kawaida, na wengi wanaotokwa na damu hawana saratani. Lakini bawasiri na saratani zaweza kukaa katika mwili mmoja, na hapana awezaye kuzitofautisha kwa kukisia.

Damu katika choo, choo kubadilika tabia kwa wiki kadhaa, tumbo kuuma bila ya sababu, kukonda, au uchovu wa upungufu wa damu, ni mambo ya kumfikisha mtu hospitalini. Anayetaka kuonwa na daktari wa kike ana haki ya kuomba. Kuna kipimo cha choo kinachotambua damu isiyoonekana, na kuna kamera nyembamba ya kuuangalia utumbo, ambayo huweza hata kukiondoa kile kijinyama kabla hakijageuka kuwa saratani. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi huo kwa watu wasio na dalili, kutoka miaka 50 hadi 45, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua huanza mapema zaidi.

Aliyegundua mapema hupangiwa upasuaji kwa utulivu. Hupimwa, hutibiwa upungufu, huijenga damu yake, na huenda asihitaji pakiti hata moja. Aliyechelewa hadi utumbo ukaziba hupelekwa mezani usiku kwa dharura, na mambo hayo yote hayapati nafasi. Hapo hutiwa damu ya watu, nasi humshukuru Mwenyezi Mungu kwamba ipo. Mwenye mama, shangazi au nyanya nyumbani na amuulize wiki hii, faraghani na kwa upole, lile swali ambalo hatujazoea kuulizana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaotoa damu kwa ajili yao. Amin.